Baba wa Kambo Asiyetia Maji Asali



Katika mikutano ya akina mama parokiani, na hata kliniki tunapopima watoto uzito, liko swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya wenzake kuondoka. Mama anajifanya amesahau kitambaa chake, anarudi, anafunga mlango, halafu anasema: "Dada muuguzi, mimi niliolewa nikiwa na watoto wawili. Mdogo anadhani huyu bwana ndiye baba yake mzazi. Je, nimwambie au ninyamaze?"

Swali hili hatulijibu kutoka vitabuni. Tunalijibu kwa habari za mtu mmoja ambaye wengi wa wasomaji wetu hawakumfahamu, mkulima na mrina asali wa Mamba, katika nchi ya Mpimbwe. Tunaposema "sisi" mwezi huu, hatusemi sisi wauguzi peke yetu. Tunasema sisi watoto wanne wa nyumba moja, tuliolelewa na baba wa kambo. Mmoja wetu ndiye anayeshika kalamu, lakini habari ni ya wote, na wote wameisoma kabla haijatumwa.

Siku aliyokuja

Baba yetu mzazi alifariki mwaka 1987. Mkubwa wetu alikuwa na miaka tisa, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Wakati ule Mamba ilikuwa katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuanzishwa baadaye, mwaka 2012. Baada ya matanga, ndugu wa marehemu walimwambia mama achague shemeji wa kumrithi. Mama alikataa. Basi wakachukua baiskeli na mbuzi sita, wakatuachia nyumba na shamba dogo la mpunga. Kwa miaka mitatu mama alilima vibarua huku mdogo wetu akiwa mgongoni.

Mwaka 1990 akaja huyo mtu. Alikuwa mgane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Walifunga ndoa kanisani asubuhi, na jioni yake akaingia nyumbani kwetu na jembe, dumu la asali, na mwanawe amemshika mkono. Mama alikuwa ametufundisha tuseme "Karibu, Baba". Tulisimama mstari mmoja kama darasani. Kabla hatujafungua kinywa, yeye akasema:

"Watoto, mimi si baba yenu. Baba yenu amelala kule makaburini, na mimi nilimfahamu, alikuwa mtu mwema. Mimi nimekuja kumsaidia mama yenu kuwalea. Mniite mnavyotaka. Lakini shikamoo yangu kila asubuhi naitaka."

Mkubwa wetu alilia usiku kucha. Sisi tulitamani kuambiwa kwamba sasa tumepata baba, kama watoto wengine. Tuliona kama mtu amekuja mlangoni na kusema hatutaki. Tulimwita "Mzee" kwa miaka miwili, naye aliitika bila kinyongo. Siku moja mdogo wetu alimwita "Baba" akiomba kipande cha muwa. Akampa muwa, asiseme neno. Mama alituambia baadaye kwamba usiku ule hakupata usingizi kwa furaha.

"Baba yao yupo, amekufa tu"

Ilipofika wakati wa kumwandikisha shule huyo mdogo, mwalimu aliuliza jina la mtoto, kisha akaandika jina la Mzee kuwa jina la baba. Mzee hakujua kusoma sana, lakini jina lake alilijua. Akauliza, "Hapo umeandika nini?" Mwalimu akamweleza. Akasema, "Futa, mwalimu. Baba yao yupo, amekufa tu. Mimi niandike mahali pa mlezi. Ada nitalipa mimi, viboko mkizidisha nitakuja mimi, lakini jina ni la baba yao."

Tulikuwa na aibu siku ile. Leo tuna majina yetu kwenye vyeti, na kila tukiyaandika tunajua kwamba yuko mtu aliyeyalinda wakati sisi wenyewe tulikuwa tayari kuyatupa.

Tena, kila mwaka tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, baada ya misa alichukua jembe akatuongoza mpaka kwenye kaburi la baba yetu. Tulipalilia, tukaweka mawe vizuri, tukasali. Yeye alisimama pembeni na kofia mkononi. Mara moja mama alimwambia, "Watoto wamekua, waache waende wenyewe." Akajibu, "Nami nina deni kwake. Nakula kwenye nyumba aliyoijenga."

Akina mama wenzetu, tumekutana na nyumba nyingi ambamo picha ya marehemu imefichwa chini ya sanduku ili baba mpya asikasirike. Tunawaelewa. Lakini mtoto akinyimwa marehemu wake hamsahau, humtafuta gizani. Sisi tulipewa wetu mchana kweupe, na kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kumchukia aliyekuja baada yake.

Asali na maneno

Wanaoijua nchi yetu wanajua misitu ya miombo na asali yake. Mzee alichonga mizinga ya magome ya miti, akaitundika juu, na wakati wa kurina alikwenda usiku na mwenge wa moshi. Sokoni alikuwa na tabia iliyomuudhi mama. Mteja alipofika, kabla hajauliza bei, Mzee alimwambia: "Dumu hili ni la msimu uliopita, limeanza kuganda. Hili ni jipya, ila limeingia majivu kidogo. Hili ndilo zuri, lakini ni ghali."

Mama alimwambia, "Wenzako wanachanganya na maji ya sukari na wanauza. Wewe unasema kasoro za mali yako mwenyewe!" Akacheka. "Mama watoto," alisema, "asali yangu haina maji, na maneno yangu hayana maji. Nikitia maji kimoja, nitatia na kingine."

Miaka ya kwanza aliuza kidogo. Baadaye watu walitoka Usevya na Majimoto kuulizia asali ya yule mzee asiyejisifu. Fedha ya asali hiyo, pamoja na mpunga wa mama, ndiyo iliyotusomesha.

Mwaka 1999 mmoja wetu, huyu anayeshika kalamu, alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Mzee alimsindikiza mpaka Mpanda. Walipanda lori la mpunga, wakakaa juu ya magunia, wakapita Kibaoni na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mbung'o wakiwauma njia nzima, mpaka Sitalike penye viboko wa mto Katuma. Mpanda wakalala chini stesheni wakingoja treni ya Tabora. Mawaidha yake ya kumuaga binti yalikuwa haya: "Usishuke usiku stesheni usiyoijua. Ukikosa fedha, niandikie kwamba umekosa fedha. Usiniandikie ukurasa mzima wa salamu, kisha fedha uitaje pembeni kwa herufi ndogo. Na usidhani nakusomesha ili uje uniuguze. Nakusomesha ili usije ukaomba chumvi kwa mtu."

Kweli yenye miiba

Tusije tukamfanya malaika, kwani yeye mwenyewe angetukatalia. Kusema kwake kulitujeruhi pia. Siku moja, mbele ya wageni, alisema kuhusu kaka yetu wa pili, "Huyu kichwa chake ni kizito, hesabu haziingii." Wageni walicheka. Kaka aliondoka, akalala bila kula. Usiku tulimsikia mama akimwambia kwa sauti ya upole, "Bwana wangu, kweli yako leo ilikuwa na miiba. Kweli ni chakula. Mtu haandaliwi chakula kwa kumwagiwa kichwani."

Asubuhi alikwenda akawaita wageni wale wale, wote watatu, akamwita na kaka yetu. Akasema, "Jana nilisema neno baya juu ya kijana huyu mbele yenu. Nilikosa. Naomba anisamehe mbele yenu." Kaka yetu leo ni fundi seremala, naye anapima mbao zake kwa hesabu zile zile. Anasema hajui kama angejaribu tena shule kama si asubuhi ile.

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Waefeso sura ya 4, anatuonya kwamba kweli na upendo vitembee pamoja. Kwetu sisi, Mzee alileta kweli, mama akaleta upendo, na kwa miaka mingi kila mmoja alimfundisha mwenzake.

Dada yetu mkubwa alipotaka kuolewa, Mzee alimwita peke yake (alikuwa ameshajifunza), akamwambia, "Kijana huyu analewa, na akilewa mkono wake ni mwepesi. Ukimtaka, nitakuja harusini na nitacheza ngoma. Lakini nisipokuambia leo nitakuwa nimekudanganya." Dada alikasirika, akaolewa, na kwa miaka miwili hakukanyaga nyumbani. Mzee alicheza ngoma harusini kama alivyoahidi.

Usiku mmoja wa masika, dada alibisha hodi akiwa na mtoto mgongoni na jicho limevimba. Alituambia kwamba njia nzima alikuwa akijiandaa kusikia neno moja tu: "Nilikuambia." Mzee alifungua mlango, akainua kandili, akamtazama. Kisha akauliza, "Mtoto amekula?"

Neno lile aliloliogopa hakulisikia usiku ule, wala siku nyingine yoyote mpaka Mzee alipokufa.

Babu

Kwa wajukuu alikuwa mtu mwingine kabisa. Wa kike aliwaita "wake zangu" kama ilivyo utani wa babu, akawadai maji ya kunawa na kuwatishia talaka wakichelewa kuleta. Wa kiume aliwafundisha kusikiliza mzinga kwa sikio kabla ya kuufungua.

Mmoja wao, akiwa na miaka saba, alirudi kutoka shule analia. Mwenzake alikuwa amemwambia kwamba yule si babu yake wa kweli. Sisi wazazi tulitazamana. Mmoja wetu alikuwa tayari kusema, "Waongo hao!" Mzee alimkalisha kwenye kigoda.

"Ni kweli," alisema. "Damu yangu haimo mwilini mwako. Babu yako mwingine yuko kaburini, na wewe unapalilia kaburi lake kila mwaka. Sasa nionyeshe lile kovu la mguuni." Mtoto akaonyesha. "Siku ulipojikata na panga, nani alikubeba mpaka zahanati?"

"Wewe, Babu."

"Ulikuwa mzito au mwepesi?"

"Mzito."

"Basi mwambie mwenzako hivyo."

Kosa letu

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike.

Mwaka 2016 Mzee alianza kuamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo. Mkojo ulitoka kidogo kidogo. Alidhani ni uzee, nasi hatukuuliza, kwani watoto hawamuulizi baba mambo kama hayo. Hata yule muuguzi wetu, anayewauliza wanaume wa watu wengine kila siku, hakumuuliza baba yake. Alipoanza kulalamika mgongo na nyonga ndipo tulipompeleka hospitali, na kutoka hapo akapelekwa Mbeya. Ilikuwa saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa.

Daktari alimwambia muuguzi wetu. Muuguzi akatuambia sisi wengine. Tukakaa kikao chini ya mti nje ya wodi, tukaamua kwa sauti moja: Mzee asiambiwe. Tulisema atakata tamaa. Tulisema ni mzee, kwa nini kumsumbua. Tulikuwa na sababu nyingi nzuri. Alipouliza, tulimwambia, "Ni mgongo tu, Baba, umebeba sana magunia. Utapona."

Tulirudi naye Mamba. Wiki tatu tulimdanganya kila siku, kwa uji, kwa vidonge na kwa tabasamu. Wageni walipokuja tuliwapokea nje, tukawaonya. Mama alitii, lakini alianza kukaa mbali na kitanda, kwani hakuweza kumtazama machoni.

Jioni moja alituita sote, pamoja na yule ndugu yetu, mwanawe wa kuzaa. Akasema polepole:

"Mzinga ukinyamaza, mrinaji anajua kuna jambo. Nyumba hii imenyamaza. Wanangu, siku ya kwanza nilipoingia humu niliwaambia kweli, mkalia. Niliwapa kitu changu cha thamani kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Leo nirudishieni."

Hakuna aliyeweza kusema. Mwishowe muuguzi wetu alisogea, akakaa chini, akamshika mkono, akamwambia yote kwa maneno mafupi. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza mambo matatu: Je, itauma? Je, imebaki miezi au miaka? Na je, mama yenu anajua?

Tulimjibu kwamba itauma, lakini ziko dawa za maumivu, hata mofini ya maji, na tutahakikisha anazipata. Kwamba muda anaujua Mungu, lakini tunafikiri ni miezi. Na kwamba mama anajua.

Akasema, "Asanteni. Mwiteni mama yenu aje akae hapa. Sasa nina kazi."

Miezi minne ya kazi

Aliishi miezi minne. Kazi aliyoifanya kitandani ilizidi ya wazima wengi. Alilipa deni la magunia mawili ya mahindi ambalo mdai mwenyewe alikuwa ameshalisahau. Alimwita mdogo wake ambaye walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Alimwita padre, akaungama na kupokea Mpako wa Wagonjwa. Aliwaita wanaume wa jumuiya, akawaambia bila kuona haya kilichomsibu na kilianzaje, akawaamuru waende wakapimwe. Wawili walikwenda.

Kisha akaita mashahidi: wawili wa ukoo wake, na wawili wasio wa ukoo. Mama, mwanawe na sisi wanne tulikuwepo. Akasema wosia wake, na mwalimu mmoja akauandika:

"Shamba la ukoo ni la ukoo. Nampa mwanangu wa kuzaa, na hawa wanne wasilitamani. Shamba la mpunga alilolikuta mama yao ni la baba yao, sina neno juu yake. Shamba jipya, ambalo mimi na mama yao tulilifyeka na kulilima pamoja, ni la mama yao akiwa hai, na baadaye ni la watoto watano, sawasawa. Mizinga apewe anayeweza kupanda mti."

Tulicheka sote, hata yeye.

Alifariki mwaka 2017, alfajiri, mama akiwa amemshika mkono. Msibani, mzee mmoja wa ukoo aliuliza, kama desturi, watoto wa marehemu ni wangapi, akaongeza, "Wale wa kufikia wakae upande ule." Yule ndugu yetu, ambaye mwaka 1990 aliingia kwetu ameshikwa mkono, akasimama. Akasema, "Tuko watano," akakaa. Hakuna aliyeuliza tena.

Wiki zile tatu za uongo bado zinatuuma. Mtu aliyekuwa na miezi minne na wiki tatu, sisi tulimwibia wiki tatu. Tuliita huruma, lakini tukijihoji kwa kweli, tulikuwa tunajihurumia wenyewe. Tulimwomba msamaha. Alisema, "Nimesamehe. Lakini msimfanyie mama yenu hivyo."

Kwa mama aliyefunga mlango

Basi, mama mpendwa uliyerudi kuuliza, jibu letu ni hili.

Mwambie mtoto mapema, kwa maneno madogo, wewe na mumeo mkiwa pamoja. Kama hamtamwambia ninyi, ataambiwa na mtoto mwenzake njiani, nao hawatakuwa na upendo wenu. Usimlazimishe kumwita mtu "Baba". Neno hilo hulitoa mwenyewe siku yake ikifika. Usimfiche marehemu, na kama baba mzazi yuko hai, usimtukane mbele ya mtoto.

Wala tusiseme uongo upande wa pili. Si kila mume anayeingia nyumbani ana moyo kama wa mtu wetu. Mtoto akibadilika, akiogopa kubaki naye, akianza tena kukojoa kitandani, au akisema jambo la aibu, msikilize yeye kwanza na umlinde. Ndoa haipimwi kwa kunyamaza kwa mtoto.

Mambo ya mali yasemwe mapema. Kwa kawaida mtoto wa kufikia hana haki ya moja kwa moja ya kumrithi baba wa kambo, hata kama amelelewa naye miaka thelathini. Wosia wa mdomo, kwa sheria za mila, unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi ni imara zaidi, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kuhifadhi wosia. Kuandika wosia si kumwita kifo.

Mkumbushe mumeo, akifika miaka 50, aende kupimwa tezi dume, hasa akianza kuamka usiku mara nyingi au mkojo kutoka kwa shida. Mara nyingi si saratani, lakini ni daktari anayepaswa kusema hivyo.

Na mgonjwa wenu akiuliza, msimkimbie. Kaeni chini. Muulizeni kwanza anajua nini na anataka kujua nini, kwani wako wasiotaka kujua yote, nao waheshimiwe. Mwambieni kwa maneno mafupi, nyamazeni naye, na msimwambie siku wala saa. Kisha mwulizeni, "Una kazi gani tukusaidie?"

Mtakatifu Yosefu naye alilea mtoto asiyemzaa, na Injili haikuandika hata neno moja alilolisema. Wetu alisema maneno mengi, na machache kati yake yalikuwa matamu. Lakini yote yalikuwa asali isiyo na maji.

Kila tarehe 2 Novemba tunakutana Mamba, sisi watano na watoto wetu, na mama yetu ambaye sasa anatembelea mkongojo. Tunachukua majembe mawili. Siku hizi tunapalilia makaburi mawili.

Mpaka mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zenu.